Mrejesho: Bibi anayeamka saa tisa usiku

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Niliuliza kuhusu bibi anayelala saa mbili usiku na kuamka saa tisa, akianza kufagia na kugonga masufuria huku wajukuu wa shule wamelala. Asanteni sana kwa majibu.

Kumbe hesabu ndiyo ilikuwa jibu: saa mbili hadi saa tisa ni saa saba, na usingizi wa mchana juu yake. Ameshalala vya kutosha! Tumesogeza muda wa kulala kwa dakika 15 kila baada ya siku tatu, hadi saa nne kasorobo. Jioni anakaa barazani mpaka jua lizame, maana mwanga wa jioni huchelewesha saa ya mwili. Usingizi wa mchana ni nusu saa, kabla ya saa tisa alasiri. Chai ya rangi mwisho saa nane mchana.

Kubwa zaidi ni kidonge cha presha cha kukojoza. Alikuwa anakimeza usiku, ndicho kilichomwamsha. Daktari amekihamishia asubuhi. Tafadhali msihamishe dawa wenyewe. Miguu ikivimba, aiinue juu ya mto kwa muda wa saa moja wakati wa alasiri, maji yatoke kabla ya kulala.

Sasa anaamka saa kumi na nusu. Chai ya alfajiri iko kwenye chupa karibu na kitanda, taa hafifu, ufagio unasubiri kukuche. Dawa za usingizi tumezikataa, zinaangusha wazee.