Fedha za migodi na vinywa vya wazee: je, sehemu ya asilimia 0.3 iende kwa watunza masimulizi?

Mwalimu wa historia, Kamalondo

Ninaweka mbele yenu swali linalorudi kila tunapozungumzia fedha za migodi hapa Lubumbashi na Haut-Katanga yote. Sheria ya madini, kama ilivyorekebishwa mwaka 2018, inaidai kila kampuni inayochimba itoe angalau asilimia 0.3 ya thamani ya mauzo yake kwa miradi ya maendeleo ya jamii zinazoguswa na mgodi. Fedha hizo ni mbali na mrabaha, yaani malipo ya kampuni kwa serikali juu ya madini, ambao asilimia 15 yake hurudi kwa komini, sekta au sheferi (eneo la chifu) yenye mgodi. Orodha za miradi ninazozisikia ni zilezile: visima, madarasa, zahanati, barabara. Je, ni halali sehemu ya fedha hizo, hata iwe ndogo, iwaendee wale wanaotunza kasala (mashairi ya sifa za watu na koo zao), ngoma, nasaba na kumbukumbu za mahali?

Mimi nasema ni halali, tena ni deni. Kijiji kinapohamishwa kupisha mgodi, nyumba hupimwa, mashamba hupimwa, miembe na mipapai huhesabiwa mti kwa mti. Lakini jina la kijito, kaburi la aliyefungua ardhi ile, na habari ya nani alimpokea nani, haviandikwi popote, kwa kuwa vimo vinywani mwa wazee watatu au wanne ambao huhamishwa pamoja na mabati yao. Tukumbuke pia kwamba ujuzi wa shaba haukuanza na Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya kuchimba shaba, ilipoundwa mwaka 1906. Mababu wa Wasanga na Wayeke waliiyeyusha wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, wakaimimina kuwa misalaba iliyotumika kama fedha hadi mbali na hapa, na kazi hiyo ilikuwa na mafundi wake na miiko yake.

Mjini hatuko salama zaidi. Tarehe 9 Desemba 1941, askari waliwafyatulia risasi wafanyakazi wa Union Minière waliokuwa wamegoma kudai mishahara, na Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba ya wenzake, akauawa. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo, kwa sababu hesabu ya utawala wa kikoloni ni ndogo kuliko ile inayosimuliwa majumbani. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 siku ile, kama yu hai, amekwisha kupita 90. Nani analipwa leo ili akae naye mchana kutwa?

Tukiwaachia wengine kazi hii, tunajua inakoishia. Mwaka 1965, watu waliokuwa maboyi, yaani watumishi wa nyumbani, katika nyumba za Wazungu waliandika kwa Kiswahili cha hapa historia ya mji wao, ikakusanywa na André Yav. Toleo ambalo wasomi wanalitumia lilichapishwa Amsterdam mwaka 1990, likiwa na tafsiri ya Kiingereza. Nimefundisha miaka mingi kilomita chache kutoka nyumba ambazo maboyi hao walizifagia, na sijawahi kumwona mwanafunzi ameshika nakala yake.

Muuguzi, Ruashi

Mwalimu, naheshimu uchungu wako, lakini mimi hupokea watoto wenye kuhara kila msimu wa mvua, na mama zao huniambia maji wanachota wapi. Fedha hizi ni za watu walio karibu na mgodi, si za wapenda historia wa mjini. Tena nimehudhuria miradi ya utamaduni iliyolipiwa na wafadhili: siku tatu katika ukumbi wa hoteli, fulana mpya, wachezaji wa ngoma wanaitwa wacheze dakika 15 mbele ya wageni, picha zinapigwa, kisha kila mtu anarudi kwake. Fedha nyingi zilikwenda kwa ukumbi na chakula. Kama huo ndio utunzaji mnaoutaka, basi afadhali kisima.

Mzee mstaafu wa migodi, Katuba

Wanangu, mnazungumza juu yetu, nami ningali hai, basi nisikilizeni. Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja alikuja kwangu na kinasa sauti. Alikaa siku nne. Nilimweleza kambi ilivyokuwa, jinsi posho ya unga ilivyogawiwa, jinsi tulivyozikana, na jinsi sisi zaidi ya 10,000 tulivyotoka kazini Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, mwaka 2003 na 2004 kwa ule mpango wa kuacha kazi ulioitwa wa hiari. Alinishukuru sana akaenda zake. Sikupata nakala ya sauti yangu. Siku hizo nne sikwenda shambani, na mke wangu ndiye aliyempikia.

Sikatai kusema. Ila msidhani kwamba wazee wetu walitunza habari kwa bure. Kwetu Uluba, wenye kumbukumbu za ufalme, bana balute, walifundishwa kwa muda mrefu katika chama cha Mbudye, wakijifunza kusoma lukasa, ule ubao wenye shanga ambao kila ushanga una neno lake. Kazi yao ilikuwa ndani ya utawala wenyewe, si jambo la jioni baada ya kulima. Na hata leo, mwenye kutamba kasala katika kilio akikutaja wewe na baba zako, unatoa kitu mfukoni na kumpa, na ukikaa kimya watu wanakutazama. Basi mkisema mnataka kulipia mila, anzeni na anayeibeba. Mashine inaweza kuja baadaye.

Mzaliwa wa komini ya Kenya, Lubumbashi, sasa Mbuji-Mayi

Mimi nina hofu nyingine. Wazazi wangu waliondoka Likasi mwaka 1993 kwa treni, pamoja na Wakasai wengine waliofukuzwa Katanga, baada ya kulala majuma mengi kituoni. Kumbukumbu hiyo nayo ni ya Katanga. Je, ikiwa mfuko unasimamiwa na machifu, wajumbe wa mitaa na watu wa kampuni, ni nani atakayethubutu kulipia masimulizi ya mama yangu? Nahofia tutalipia misalaba ya shaba na ngoma za kupokelea wageni, kwa sababu hazimchukizi mtu.

Mwalimu wa historia, Kamalondo

Nimesoma nyote mara mbili, na mmenifanya nibadilishe mambo kadhaa niliyokuwa nayo kichwani.

Kwa Mama muuguzi: nakubali kwamba kijiji kisicho na maji kianze na maji. Sitagombana na mtoto mgonjwa. Ninachoshikilia ni mpangilio wa wakati pale ambapo watu wanahamishwa. Kisima kinaweza kuchimbwa baada ya kuhama, lakini mzee hawezi kuonyesha mipaka ya mahali ambapo tingatinga limekwisha kupita. Kazi hiyo ifanyike kabla, kwa miguu, vijana wa kijiji wakiwa nyuma yake. Na gharama yake tuitaje wazi. Kampuni inayouza kwa dola bilioni 1 hudaiwa milioni 3 kwa asilimia 0.3, na sehemu moja ya ishirini ya hizo ni dola 150,000. Sehemu nyingine 19 zinabaki kwa visima na zahanati.

Mzee, ulilolisema ndilo kiini, nami nilikuwa nimelizunguka bila kulishika. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 juu ya urithi usioshikika, ambao nchi yetu imeuridhia, hauishii kwenye kurekodi. Unataja pia kurithisha, yaani mwenye ujuzi kumfundisha mwingine. Mwaka 2021 rumba ya Kongo iliingizwa katika orodha yake, tukashangilia, lakini orodha haimlipi mpiga gita ujira wa kumfundisha kijana wa Katuba. Napendekeza fedha zilipe siku za mzee na siku za mwanafunzi wake kwa msimu mzima, kabla ya kununua kifaa chochote. Nakala ya sauti ibaki kwa msemaji na katika shule ya jirani, kwa lugha aliyoisema, iwe Kilamba, Kisanga au Kiswahili chetu.

Kwa ndugu wa Mbuji-Mayi sina jibu kamili. Chuo Kikuu cha Lubumbashi na Makumbusho ya mji vimeonyesha, kwa kazi ya kukusanya kumbukumbu za wakazi iliyoanza mwaka 2000, kwamba inawezekana kuweka simulizi zinazopingana chini ya paa moja. Lakini fedha zile hazikuwa za mgodi. Naona basi kwamba kampuni na machifu waruhusiwe kukagua hesabu, wasiruhusiwe kuchagua mada, na msemaji mwenyewe aamue kipi kisikike leo na kipi kifungwe hadi afe.

Muuguzi, Ruashi

Kwa masharti hayo sipingi tena sehemu moja ya ishirini. Naongeza moja: majina ya wazee waliolipwa na kiasi walichopewa yasomwe hadharani katika mkutano wa kijiji, mbele yao wenyewe, kama tunavyosoma michango ya kilio.