Kwa nini Marko hamwonyeshi Yesu akiwa amefufuka?

Binti wa Nyangao
Shikamooni wakubwa. Wiki tatu zilizopita tulimzika mama hapa Nyangao. Kaburini katekista alisoma Wathesalonike wa kwanza, sura ya 4, tusihuzunike kama wasio na matumaini. Usiku nikafungua Marko. Mwishoni, 16:8, wanawake wanakimbia kaburini, hawamwambii mtu neno. Chini pameandikwa kwamba mstari wa 9 hadi 20 haumo katika nakala za kale. Tangu hapo usingizi hauji. Ina maana habari ya ufufuko iliongezwa baadaye?

Katekista mstaafu, Masasi
Marahaba binti yangu, pole sana kwa msiba. Maelezo hayo ni ya kweli: Sinaiticus na Vaticanus, nakala za karne ya 4, zinaishia hapo kwenye 8. Lakini rudi nyuma mstari mmoja au miwili: kijana mle kaburini ameshasema "amefufuka", na kwamba watamwona Galilaya.

Tena Marko siye wa kwanza. Wengi humweka karibu na mwaka 70. Waraka mliosomewa kaburini ni wa mwaka 50 hivi, na wataalamu wengi wanauona ndio wa kale kuliko vitabu vyote vya Agano Jipya. Na sehemu hiyo Paulo aliiandika kwa sababu kule Thesalonike watu walikuwa wanafiwa, wakauliza kama wewe: hawa wetu waliotangulia, itakuwaje?

Miaka michache baadaye, 1 Wakorintho 15, anataja waliomwona Yesu: Kefa, yaani Petro, wale Thenashara, ndugu zaidi ya 500, Yakobo. Anasema wazi hayo naye aliyapokea. Yalikuwa midomoni mwa watu kabla yake.

Mkulima wa Newala
Mwalimu, tuseme kweli, masimulizi yalikua. Kwa Paulo hakuna wanawake kaburini. Kwa Luka, Yesu anakula samaki. Kwa Yohana, Tomaso anaambiwa alete kidole.

Katekista mstaafu, Masasi
Sikatai, ndugu yangu. Maswali yalibadilika: kwanza "nani kamwona?", baadaye "hakuwa mzuka?" Ufufuko wenyewe Mafarisayo, kundi la Wayahudi, waliungoja tangu zamani, soma Danieli 12, ila wa wote, siku ya mwisho. Jipya ni mmoja kutangulia. Paulo anamwita limbuko, yaani zao la kwanza. Sisi wa korosho tunalijua: ya kwanza ikidondoka, unaanza kufyeka chini ya mikorosho yote.

Binti wa Nyangao
Asante mwalimu. Kwenye arobaini ya mama nitaomba isomwe hiyo 1 Wakorintho 15.