Nataka kuhamia kwenye vepu (sigara ya umeme) ili niache sigara, njia zote zimenishinda. Aliyepitia naomba anishauri

Dereva wa Mutukula
Wakuu salaam. Naomba ushauri wa aliyepitia kweli, matusi nayapata ya kutosha nyumbani. Mi ni dereva wa lori, napiga Dar Kampala, na sigara nilianza nikiwa bado utingo kwa sababu usiku ule wa kutoka Singida mpaka Nyakanazi ukikosa kitu mkononi usingizi unakubeba. Sahivi pakiti haimalizi siku, na nikikuta foleni ya mizani pale Vigwaza ndo kabisa, unashuka unawasha, gari ya mbele inasogea, unapanda unasogea, unashuka unawasha nyingine.

Kuacha nishajaribu sana tu. Nimeacha kwa mkupuo, nimepunguza nikawa nanunua moja moja, nimetafuna karafuu na bigijii mpaka taya zinauma, na Ramadhani hua nafunga mchana kutwa bila shida lakini ikifika magharibi sigara inaitwa kabla ya uji. Kila nikiacha naenda vizuri siku kadhaa afu inatokea pancha porini au tajiri ananifokea kwenye simu, basi nakuja kushtuka fegi iko mdomoni na sikumbuki hata nani kanipa. Sasa mke wangu ni mjamzito, ile harufu ya nguo zangu inamtapisha, na mimi mwenyewe asubuhi nikiamka kifua kinapiga filimbi.

Juzi Kariakoo kuna kijana kanionyesha vepu, kile kidude cha rangi rangi kinanukia embe, anasema ukianza hii sigara unaisahau. Nauliza, kuna mtu hapa ameacha sigara kweli kwa hiyo kitu? Au natoka gereza moja naingia lingine? Na zile video za mapafu wanazotuma kwenye magrupu ya WhatsApp zina ukweli?

Mswahili wa Leicester
Kaka pole na barabara. Mi niliacha kwa vepu, ni miaka sasa, na nilikua navuta tumbaku ya kusokota ambayo ni kali kuliko hizo za pakiti. Huku Leicester kuna kliniki ya bure ya kuacha sigara, na ndo ilikua ya kwanza Uingereza kuwakubali rasmi watu wanaokuja na vepu zao, toka 2014. Na 2023 serikali yenyewe huku ilianza kuwapa wavutaji vepu za kuanzia.

Nikueleze walichonieleza maana ndo kilinifungua macho. Kinachokufanya urudi kwenye sigara ni nikotini, ila kinachokuua ni moshi, yani lami na hewa ya kaboni monoksaidi inayotoka kwa sababu kuna kitu kinaungua. Vepu haiunguzi tumbaku, inachemsha majimaji yawe mvuke. Haimaanishi ni salama, mapafu yaliumbwa kwa hewa tu, lakini kwa mtu ambae tayari anavuta pakiti tofauti ni kubwa sana. Pale kliniki wanakupulizisha kimashine kinachopima ile kaboni kwenye pumzi, chini ya 10 wanakuhesabu huvuti, na mi siku ya kwanza nilikua juu huko, wiki iliyofuata nikiwa navepu tu nikapuliza ikasoma kama mtu ambae hajawahi kushika sigara. Yule mama wa kliniki alinigeuzia kile kioo nikione mwenyewe. Toka siku ile sikuhitaji mtu kunishawishi.

Sasa wengi wanaoshindwa na vepu wanashindwa kwa mambo madogo. Usiivute kama sigara. Sigara unaivuta kwa nguvu mara moja, vepu ukiivuta ivo juisi, yani yale majimaji, inajaa kwenye koili, kile kiwaya kinachoichemsha, inakuingia mdomoni inakuchoma ulimi, au unakohoa mpaka machozi afu unasema haifai. Vuta taratibu, sekunde tatu nne, mvuke ukae mdomoni kwanza ndo uushushe. Ukinunua ile ya kujaza mwenyewe, koili mpya idondoshee juisi uiache dakika kumi ilowe ndo uwashe, la sivyo pamba inaungua na ladha ya kuungua haitoki tena mpaka ubadilishe. Kunywa maji, koo linakauka.

Na nikotini iwe ya kutosha. Mtu wa pakiti akinunua ya 3 mg kwa woga, arosto inamkuta saa mbili asubuhi na saa tatu yuko dukani kwa fegi. Huku kisheria mwisho ni 20 mg kwa mililita na mvutaji wa pakiti kwa kawaida anaanzia huko huko juu, kushuka kunakuja baadae sana, sigara ikishakua historia.

Kuhusu zile video, nyingi zilianza na yaliyotokea Marekani 2019. Watu zaidi ya 2,800 waliharibika mapafu wakalazwa au kufariki, waliofariki walifika 68 kwa hesabu ya Februari 2020. Ila wengi wao walikua wanavuta vepu za mafuta ya bangi zilizochakachuliwa, na kitu kilichoonekana kuhusika zaidi ni asetati ya vitamini E waliyokua wanachanganyia humo. Kwaiyo tukio ni la kweli kabisa, na ndo maana nakusisitiza ujue nani katengeneza hiyo juisi na imetoka wapi.

Otis wa Umoja
Dereva sasa. Niko Nairobi na nina machungu na hizi vitu so acha nikuambie ukweli. Hiyo ya rangi rangi ya embe ulionyeshwa, pindua box usome. Ukiona imeandikwa 5% ujue hiyo ni 50 mg kwa mililita, yaani mara mbili na nusu ya ile mwisho huyo ndugu wa Leicester amesema. Na haina pahali unapunguza, ikiisha unanunua ingine ya 5%. Huko UK zile za kutupa walizipiga marufuku kuuzwa June 2025.

Kakangu mdogo alianza vepu akisema anaacha fegi. Leo anavepu kwa nyumba, kwa matatu, mpaka kwa kitanda, na akitoka nje na maboyz anawasha fegi. Sasa anatumia pesa mara mbili na nikotini inaingia siku nzima bila break. Hiyo ndio trap yenyewe, si vepu, ni kufanya zote mbili. Kama unahama, hama. Usiweke pakiti kwa gari "ya emergency", juu emergency kwa dereva ni kila siku.

Na mtoto akizaliwa hiyo kitu isionekane kwa hiyo nyumba. Mimi mpwa wangu ako form two hajawahi shika fegi maisha yake lakini vepu ya strawberry walimpata nayo kwa bag. Kwa mtu hajawahi vuta hakuna sababu hata moja ya kuanza, hapo sitabadilisha maneno.

Binti Pangani
Kaka dereva, mimi ni mfamasia, niko Tanga. Kwanza hongera kwa kutokata tamaa, wengi walioacha kabisa walijaribu mara nyingi kabla, kwahiyo hayo majaribio yako usiyaone kama yamepotea bure.

Sina ugomvi na kaka wa Leicester, alichosema ni sahihi kwa alipo. Kuna utafiti ulifanyika hukohuko Uingereza ukatoka 2019, watu karibu 900, nusu wakapewa vepu nusu wakapewa bidhaa za nikotini kama viraka vya kubandika kwenye ngozi na bigijii zake, wote wakawa wanaonana na mshauri kila wiki mwanzoni. Baada ya mwaka walioacha sigara upande wa vepu walikuwa 18%, upande wa pili 9.9%. Kwahiyo vepu ilisaidia zaidi, hilo lipo. Ila soma na upande wa pili: kati ya hao walioacha kwa vepu, asilimia 80 mwaka mzima baadae bado walikuwa wanavepu, wakati wa viraka walioendelea kutumia ni 9% tu. Ndio swali lako la gereza hilo. Na angalia, hata kwenye kundi la vepu zaidi ya wanne kati ya watano hawakufanikiwa, kwahiyo asikudanganye mtu Kariakoo kwamba utaisahau tu. Shirika la Afya Duniani (WHO) mpaka sasa haliipendekezi vepu kama njia ya kuacha kwa watu wote, na kwetu tatizo jingine ni kwamba hujui ndani ya ile chupa kuna nini, kama alivyosema kaka wa Leicester.

Umesema umetafuna bigijii. Zile za kawaida hazina kitu. Bigijii ya nikotini ni dawa na inatafunwa tofauti: unaitafuna pole pole mpaka uhisi inawasha kama pilipili, unaificha shavuni, ikipoa unatafuna tena, nusu saa hivi. Ukiitafuna mfululizo kama pipi unameza nikotini yote, unapata kwikwi na kichefuchefu. Kwa mtu wa sigara zaidi ya 10 kwa siku huwa tunaanza na kiraka cha 21 mg asubuhi kinachokaa mwilini kikitoa taratibu, halafu bigijii kwa zile hamu za ghafla, pancha na tajiri. Vyote viwili pamoja vinafanya kazi kuliko kimoja peke yake, na wengi wanaosema "kiraka hakikunisaidia" walitumia kiraka tu. Vipo pia vidonge, vareniklini na bupropioni, vimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO tangu 2021, hivyo lazima uonane na daktari, uulizie hospitali ya rufaa.

Kitu ambacho watu hawakiambiwi: kahawa. Moshi wa sigara unalifanya ini lisage kafeini haraka, sasa ukiacha moshi, kahawa ileile uliyoizoea inakaa mwilini muda mrefu zaidi. Mtu anaanza kutetemeka, moyo unakwenda mbio, usingizi hauji akipata nafasi ya kulala, anadhani ni arosto, anarudi kwenye sigara. Wiki unayoacha punguza kahawa iwe nusu, na hizo energy drinki za barabarani pia. Hii inatokea ukihamia vepu au kiraka, maana inayosababisha ni moshi, sio nikotini. Na kama una pumu na unatumia aminofilini mwambie daktari kabla hujaacha, dozi inaweza kuhitaji kushushwa.

Hicho kifua kinachopiga filimbi kapimwe pia. Ukiamua vepu, chupa ya juisi weka mbali na mtoto, nikotini ikimezwa ni sumu.

Rusumo Express
Mkuu Dereva, mi nakuongezea moja tu maana tuko kazi moja. Uganda vepu haziruhusiwi, sheria yao ya tumbaku ya 2015 inakataza kuziingiza nchini na kuziuza, pamoja na shisha. Ukifika mpakani Mutukula nayo kwenye kabini unajitafutia kesi ya bure, na gari ya tajiri inalala hapo. Usije ukasema hukuambiwa.

Dereva wa Mutukula
Aisee asanteni sana, hii ya Uganda sikuijua kabisa. Sasa wakuu mmenichanganya vizuri, maana nusu ya maisha yangu iko upande ule. Nikisema navepu mpaka Biharamulo afu naiacha, mle ndani siku nne tano za Kampala nitavuta sigara, najijua. Dada mfamasia, hicho kiraka naweza kuvaa naendesha? Na usiku nikisikia usingizi nafanyaje bila fegi?

Binti Pangani
Kiraka unavaa unaendesha bila tatizo, bandika sehemu kavu isiyo na nywele, bega au ubavu, kila asubuhi badilisha sehemu. Siku mbili tatu za kwanza uwe Dar sio njiani, uone mwili unavyopokea, watu wengine wanapata kizunguzungu au ndoto nzito, ukiota sana kivue ukilala. Kampala unapita nacho, ni dawa. Kwa hali yako ya barabara mimi ningeanzia hapo, na kama baada ya majaribio ya kweli bado sigara inakushinda, vepu iliyo na chanzo kinachojulikana ukiwa upande wa Tanzania bado ni bora kuliko pakiti.

Ila usingizi kaka sigara haijawahi kuutibu. Inakuamsha dakika chache halafu unarudi palepale. Ukisikia macho mazito paki, lala hata dakika ishirini.

Mswahili wa Leicester
Namuunga mkono dada. Hata kliniki yetu huku wengi wanapewa kiraka na vepu pamoja. Kwa we ambae huwezi kuvuka nayo mpaka, kiraka ndo kiwe nguzo. Ila kwenye foleni ya mizani usikae mikono mitupu, ile mikono ilizoea kitu, shika hata tasbihi. Na utingo wako mwambie mapema asikupe fegi hata ukimlilia, maana ukishakasirika utamuomba yeye.

Dereva wa Mutukula
Utingo nimeshamwambia, nae anavuta, kasema anaacha na mimi tuone. Napakua Alhamisi, Ijumaa naenda kupima kifua na kutafuta viraka, safari ya wiki ijayo nabadilishana na mwenzangu ili siku za kwanza ziniishie nyumbani. Dada ile bigijii inapatikana ya 2 na ya 4, nichukue ipi?

Binti Pangani
Ukiamka asubuhi unawasha ya kwanza ndani ya nusu saa? Kama ndiyo chukua 4 mg.

Dereva wa Mutukula
Hata kabla sijanawa uso. Basi 4.