Hospitali inapokea NHIF, daktari aliyemo hapokei: ana haki hiyo?

Binti Tabata:
Wakuu, nina uchungu. Mama ana goita, imeanza kumbana koo, akilala chali anakoroma hadi chumba cha pili. Kadi yake ya NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ni hai. Hospitali moja binafsi hapa Dar imebandika mlangoni kwamba inapokea. Kweli mapokezi walipokea, vipimo vya damu na ultrasaundi vikapita kwa kadi. Kufika kwa daktari wa upasuaji: "Mimi sifanyi kwa bima." Wa usingizi naye ana bei yake. Jumla 1,900,000 mkononi. Hospitali ikishaingia mkataba na Mfuko, daktari wa humohumo anaweza kujitoa peke yake? Na anayemjua bingwa anayepokea kadi anisaidie.

Mnyalu:
Hana haki. Mkataba ni wa kituo kizima, si wa chumba kimojakimoja. Mwambie akuandikie risiti ya hiyo hela, uone kama kalamu itaandika.

Dokta wa Zamu:
Pole dada. Lakini tuambizane ukweli. Mabingwa wengi wa jioni si waajiriwa wa pale, wanalipwa kwa kila mgonjwa. Fomu ya 2A/B, ile ya kudai malipo kwa Mfuko, ikikosea kidogo, dai linakatwa, na hospitali ikicheleweshewa yeye anakaa bila kitu. Machi 2024 kitita kipya cha Mfuko, yaani orodha ya huduma na bei zake, kilipoanza, hospitali binafsi kadhaa zilisimamisha huduma kwa wanachama. Mlidhani ni uroho tu? Na wenye kadi nao wameukamua Mfuko. Walimu ndio wanaoazimishana kadi, shangazi anatibiwa kwa jina la mpwa.

Mwalimu Mstaafu:
Dokta, hapo umenitonesha. Nimekatwa asilimia 3 ya mshahara tangu Mfuko uanze mwaka 1999...

Mnyalu:
2001, mwalimu wangu. 1999 ni sheria yake.

Mwalimu Mstaafu:
2001, sawa. Hadi nastaafu sijamwazima mtu kadi yangu. Ina picha yangu. Na huyo shangazi, aliandikiwa dawa na nani? Fomu ilisainiwa na nani? Mwizi hawezi kuingia chumba cha daktari, akatoka na dawa, halafu lawama zikaishia shule ya msingi.

Dokta wa Zamu:
Sikusema walimu wote, mzee wangu.

Mwalimu Mstaafu:
Ulisema "walimu ndio". Nimefundisha Kiswahili miaka 31, kazi ya "ndio" naijua.

Mmachinga K/koo:
Nyie mnagombea kadi mnazo. Mwanangu alikuwa na Toto Afya Kadi, bima ya watoto ya Mfuko huohuo, 50,400 kwa mwaka, nikiweka hela kidogokidogo. 2023 ikasitishwa, tukaambiwa watoto wasajiliwe kupitia shule. Wangu alikuwa na miaka 2. Shule ipi?

Mnyalu:
Lakini Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote si ilipita mwaka huohuo?

Mmachinga K/koo:
Ilipita, kweli. Mwanangu aliumwa usiku, sheria haikuja na dawa. Niliuza mzigo wa viatu kwa bei ya hasara.

Dokta wa Zamu:
Na mimi niseme langu. Kuna hospitali niliyofanya kazi za jioni, nikakaa miezi 4 bila kulipwa kwa wagonjwa wa bima niliowahudumia. Ada ya watoto haikunisubiri. Mwalimu, na sisi tunachoka.

Mwalimu Mstaafu:
Uchovu wako naukubali. Neno ulilotusemea silikubali.

Nesi Mbagala:
Jamani, mgonjwa yupo! Dada Tabata, usiulize hospitali, uliza daktari. Piga simu mapokezi, taja jina lake, uliza kama yeye mwenyewe anapokea kadi na siku zake ni zipi. Uliza na wa usingizi, hapo ndipo wengi wanakwama. Halafu wengi wao asubuhi wako serikalini. Anzeni Amana, Temeke au Mwananyamala, na ikibidi mtapewa rufaa ya kwenda Muhimbili. Akianza kuhema kwa shida usingoje siku ya kliniki, mpeleke dharura usiku huohuo.

Binti Tabata:
Asante sana nesi, umenisaidia. Nimeuliza, nimempata. Ni daktari yuleyule! Jumanne na Alhamisi asubuhi yuko hospitali ya serikali, na kadi ya mama imepita. Zamu ya upasuaji ni baada ya wiki 7. Sasa narudia swali langu maana bado halijajibiwa. Mikono ni ileile, goita ni ileile. Kwa nini saa 3 asubuhi kadi inafaa, saa 11 jioni haifai?

Dokta wa Zamu:
Kwa sababu asubuhi ana mshahara wa serikali, hata Mfuko ukichelewa.

Mwalimu Mstaafu:
Mshahara unaotoka kwenye kodi ya mama wa huyu binti. Na walimu bado hujawaomba radhi.