Tupeane uzoefu: umebonyeza Ctrl+C, skripti ikakuachia nini?

ZabibuKavu (Area D)
Wakuu, habari za jioni. Watu wa seva mliopo Dodoma na jirani, karibuni. Nataka visa vya kweli tu: skripti (faili la amri zinazoendeshwa mfululizo) ilikatizwa katikati kwa Ctrl+C au vinginevyo, ikaacha uchafu gani, na ulitibu vipi.

Naanza. Kuna mahali nilikabidhiwa skripti ya bakapu iliyokuwa ikimwaga hifadhidata moja kwa moja kwenye faili lenye jina la mwisho. Jamaa wa zamu akaona seva nzito, akakatiza. Faili likabaki pale, jina zuri, tarehe ya leo, ndani nusu. Kila aliyepita akaliona akajua bakapu ipo. Tulikuja kushtuka siku ya kujaribu kurejesha. Sasa iko hivi (`trap` inaiambia skripti ifanye nini inapotoka, EXIT, au inapopokea ishara: INT ya Ctrl+C, TERM ya kuombwa isimame):

```
tmp=$(mktemp -p /data/bakapu) || exit 1
trap 'rm -f "$tmp"' EXIT
trap 'exit 130' INT
trap 'exit 143' TERM
pg_dump duka > "$tmp" && mv "$tmp" /data/bakapu/duka.sql
```

Jina la kweli halionekani mpaka kazi iishe salama. Faili la muda liwe kwenye diski ileile, ili `mv` ibadilishe jina tu badala ya kuanza kunakili upya. Hiyo 130 ni 128 jumlisha 2, namba ya SIGINT. Anayeita skripti yako anajua imekatizwa na mtu, haijafeli yenyewe.

BintiKondoa
Mkuu, wasomaji wasije wakaifuta hiyo mistari ya INT na TERM wakidhani ni mapambo. Wengi wanaweka EXIT peke yake, na kwenye bash (programu inayosoma na kuendesha amri za skripti) inatosha hata ukibonyeza Ctrl+C. Ila kwenye Ubuntu (aina ya Linux) `/bin/sh` ni dash, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, tangu 2006, na dash ikiuawa na ishara haipiti kwenye EXIT.

Ofisi moja walichukua skripti iliyoandikwa kwa bash, wao wanaiendesha `sh safisha.sh`. Kwenye laptop ya mwandishi kila kitu safi, kwao `/tmp` inajaa kila wanapokatiza. Walishalaumu diski, wakalaumu hadi virusi.

FundiMpwapwa
Mimi kijana wangu wa kazi alinipigia: "Bosi, kibodi imekufa." Namuuliza taa ya Caps Lock inawaka? Inawaka. Nikajua. Skripti ilikuwa imezima mwangwi (herufi kuonekana unapoandika) kwa `stty -echo` ili nywila isionekane, akaikatiza kabla haijarudisha. Nikamwambia andika `stty sane` hivyohivyo bila kuona, piga Enter. Herufi zikarudi, akanyamaza kidogo akacheka.

Dawa: `zamani=$(stty -g)` kabla hujagusa kitu, halafu EXIT iwe na `stty "$zamani"`.

Mzee_wa_Makole
Yote hayo mazuri vijana wangu, lakini umeme ukikatika hakuna trap. Na `kill -9` hali kadhalika, ishara yake, SIGKILL, hainaswi na yeyote. Ndiyo maana faili la kufuli (la kuzuia skripti isiendeshwe mara mbili kwa pamoja) la `touch` silitaki: skripti ikifa ghafla, faili linabaki na kesho yake unaambiwa "kazi inaendelea" wakati hakuna kinachoendelea. Tumieni `flock`. Mchakato ukifa, kerneli (kiini cha mfumo) inaachia kufuli yenyewe.

Manyoni_Net
Shikamoo mzee. Wakuu, mimi nina lupu ya `while` inayopiga `ping -c 5` (kuona kama kinajibu) kwa kila kituo kwenye orodha. Nikibonyeza Ctrl+C inaruka kituo kimoja tu, inaendelea na kinachofuata. Nabonyeza kama napiga ngoma.

ZabibuKavu
Ctrl+C inaenda kwa vyote viwili, skripti na ping. Ila ping inaikamata, inachapa takwimu zake, inatoka kwa amani. Bash ikiona mtoto ametoka kawaida, inachukulia ishara ilikuwa ya kwake, lupu inaendelea. Weka `trap 'exit 130' INT` juu ya hiyo `while`.

Mzee_wa_Makole
Marahaba, Manyoni.

Manyoni_Net
Imekatika kwa mbonyezo mmoja. Na kama skripti inaendeshwa na systemd (msimamizi wa huduma kwenye Linux), ukiisimamisha inapokea INT au TERM?

BintiKondoa
TERM, isipokuwa umebadilisha mpangilio wake wa `KillSignal`. Isipotoka ndani ya muda wake, inafuatia KILL, kwa hiyo usafi wako uwe wa haraka.