Eti "watoto wa Lamu wataogopa tramu". TRAMU!!

BintiMkomani
Leo sina salamu. Mnamjua. Yule yule wa miwani myeusi usiku na mchana, mwenye picha arobaini za daraja la Galata na zote kageuza uso upande ule ule. Mtu kauliza kundini swali la mstari mmoja, kwa adabu zote: watoto wa miaka 3 na 5 wanakwenda Istanbul, wachukuliwe kigari cha namna gani? Bingwa kajibu: "Waacheni kwa nyanya yao. Watoto wa Lamu wataogopa tramu."

Wataogopa tramu.

Na watu kumi na wanne wakabonyeza vicheko! Wajijue.

Hebu niambieni. Mtoto ambaye hata meno hajaota anasikia "simile!" na mamake anambana naye ukutani, punda apite na saruji mifuko miwili, huyo ndiye wa kuogopa kitreni cha barabarani kinachokwenda juu ya reli zake? Tramu haiwezi kukufuata kichochoroni. Punda anaweza. Punda ana mawazo yake. Pale Gülhane, Istanbul, njia ni nyembamba, tramu ya njia ya T1 inapita katikati ya watu, inapiga kengele, watu wanasogea. Ni Usita wa Mui, ile njia kuu yetu ya Lamu, wenye umeme! Watoto wetu ndio pekee duniani wanaowasili Istanbul wakiwa wamefuzu.

Halafu huyo huyo, dakika tano baadaye, anamshauri mwingine achukue kigari kikubwa cha magurudumu matatu. Kwa Istanbul! Kutoka Karaköy kupanda mpaka mnara wa Galata ni mlima wa mawe na ngazi. Wenye mji wenyewe kiliwashinda kile kilima wakachimba reli ya chini kwa chini, Tünel, tangu 1875, ili wasikipande kwa miguu. Wewe ukakipande na kigari cha kilo kumi na mbili na mtoto juu yake? Kwenye vilima ni mbeleko, kanga mbili nzito, basi. Kigari chepesi cha kukunja ni cha mitaa ya Eminönü na Sultanahmet tu, penye tambarare.

Lakini hilo lote ningemsamehe. WATAOGOPA TRAMU??

Langoni_Kwetu
Dada pole. Sasa, wataogopa au hawataogopa? 😂

BintiMkomani
Wewe ni wa kumi na tano. Nimekuandika.

FundiWaVigari
Tuweke hasira kando, kigari kina elimu yake. Tramu yenyewe haina neno, sakafu yake iko sawa na jukwaa, unaingia bila kunyanyua. Balaa ni kuvuka reli. Gurudumu dogo la plastiki likiingia kwenye mfereji wa reli linakwama ghafla na kigari kinapinduka mbele, mtoto chini. Vuka kwa kukata reli moja kwa moja, usivuke mshazari hata kama kila mtu anavuka mshazari. Pili, mfuko mzito usitundikwe kwenye mpini: ukimnyanyua mtoto tu, kigari kinaanguka nyuma na maziwa yako yote. Getini usipigane na kile chuma cha kuzunguka, tafuta lango pana la pembeni. Ndani funga breki, mtoto atazame mlango, si watu, maana jioni T1 inashindiliwa kama gunia la makumbi na mikoba yote iko usawa wa uso wake.

Chini ya miaka 6 hawalipi. Wakubwa ni Istanbulkart, kadi ya nauli ya mji, tena hiyo hiyo inafaa kwenye tramu, metro, Tünel na vivuko.

BintiMkomani
Asante. Huyu hapa kajibu swali. Ilikuwa ngumu nini kujibu hivi? Badala yake: wataogopa tramu.

NahodhaMstaafu
Mwanangu, tramu si neno. Neno ni kivuko. Pale Eminönü chombo hakitulii, baina ya chombo na gati pana pengo, na watu hushuka kabla hakijafungwa vyema. Mwana apakatwe, asishikwe mkono tu. Ukenda Üsküdar, ng'ambo ya pili, ni kama dakika ishirini. Kaa nde ubavuni, upande usio na upepo. Shakwe hufuata chombo, watu huwarushia vipande vya simit, ule mkate wa duara wenye ufuta. Mwana asiinue simit yuu ya kitwa. Shakwe hatoi pole, huchukua na kidole. Kipande kirushwe mbali, chini ya usawa wa reli ya chombo.

Na wana wa Lamu kwa bahari hawana mwalimu. Hilo nakuunga mkono.

Langoni_Kwetu
Kwa hiyo bahari sawa, tramu bado kuna wasiwasi.

Shela_Mchanga
Mnazungumzia tramu, mimi nazungumzia pikipiki. Mji usiokuwa na magari miaka nenda rudi, leo ukitoka msikitini unaparuzwa goti na bodaboda, na haina kengele wala reli. Hizo ndizo za kuogopwa. Aanze nazo huyo bingwa.

MamaPacha
Mimi wala sijafika kwenye tramu, wenzangu mmefikaje? Kila mtoto anatakiwa na pasipoti yake mwenyewe, hakuna tena kumwandika kwenye ya mama. Na hapo ndipo watu wetu wanapokwama kwa jina moja tu. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Mohamed, kitambulisho cha baba Muhammad, cheti cha ndoa Mohammed. Baba watatu, mtoto mmoja! Karatasi zote zilingane herufi kwa herufi KABLA ya kulipia chochote, la sivyo ni hati ya kiapo kwa wakili, na kurudi foleni, na mashua, na basi tena.

Jingine lisilosemwa na hao mabingwa: ndegeni, chini ya miaka 2 mtoto anapakatwa kwa nauli ndogo. Akitimiza 2 mkiwa huko huko, kurudi anatakiwa kiti chake. Tazameni tarehe ya kurudi, si ya kwenda.

MalindiNiKwetu
Istanbul Istanbul. Njooni Roma, kwanza huku Malindi nusu ya soko tunajua Kitaliano. Roma watoto chini ya miaka 10 hawalipi kwenye basi wala metro wakiwa na mkubwa. Na maji bure, vibomba vya chuma barabarani vinaitwa nasoni, "mapua makubwa". Ziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji yanaruka juu kupitia kitundu kilicho mgongoni mwa pua, mtoto anakunywa bila kikombe na analowa mpaka soksi. Dakika ishirini hakuna kilio. Istanbul watu wananunua ya chupa.

FundiWaVigari
Roma ina yale mawe meusi madogo ya mraba. Kigari kinatetemeka mpaka mtoto anaimba bila kutaka.

MalindiNiKwetu
Usingizi wao ndio huo.

BintiMkomani
Samahani, Roma imeingiaje? Mada ni kwamba mtu mzima, mwenye ndevu, kasema watoto wa Lamu wataogopa tramu.

Shela_Mchanga
Roma pia ina tramu.

BintiMkomani
Kumi na sita.

Ustadh_wa_Kando
Wanaokwenda na watoto waangalie siku. Jumba la Topkapı hufungwa Jumanne, soko kubwa lile la kuezekwa hufungwa Jumapili. Hodhi la chini ya ardhi, Yerebatan, ni ngazi 52 kushuka, ndani giza na sakafu ina majimaji: wa miaka 5 atalipenda, wa miaka 3 ataomba kutoka mkiwa katikati ya nguzo 336. Sultanahmet msikitini watalii huzuiwa wakati wa swala, sisi ndio wakati wetu wa kuingia. Chukueni mfuko wa kubeba viatu, jozi nne za viatu mikononi na mtoto juu si ibada tena, ni mazoezi. Mkitaka watoto wapumue, Miniatürk: majumba na misikiti imepunguzwa mara 25, yaani mtoto ndiye jitu, wazee ndio wanaochoka.

Na viatu! Mtoto wetu kazoea ndara. Ukimvalisha raba mpya siku ya safari, siku ya pili ni malengelenge. Avae wiki mbili kabla, nyumbani, na soksi, hata akilalamika joto.

MamaPacha
Joto la Lamu na soksi. Nyanya yake ataita polisi.

Langoni_Kwetu
Bora abaki kwa nyanya, kama alivyosema yule.

BintiMkomani
🙂 Endelea tu.

Manda_Mpaka_Mbinguni
Nyinyi hamjazungumzia Manda, uwanja wetu wa ndege. Ndege ndogo nyingine ni kilo 15 mtu, na kigari kinahesabiwa humo. Tena kuna zinazotua Wilson, na ya kwenda ng'ambo inaruka Jomo Kenyatta. Baina ya hapo na hapo ni foleni ya Nairobi na mtoto anataka choo. Acheni saa tano katikati, si tatu. Nguo za baridi msibebe kutoka huku, Januari mtavaa mliyo nayo yote mara moja na kununua makoti Eminönü, ni rahisi. Hizo kilo wekeni halua.

MalindiNiKwetu
Halua ya nini? Waturuki wana lokum.

NahodhaMstaafu
Lokum ni wanga na sukari, hupakwa unga kama mwana aliyetoka kuoga. Usiitaje na halua mahali pamoya.

MalindiNiKwetu
Halua nayo ni wanga na sukari, mzee.

NahodhaMstaafu
Na samli! Na iliki! Na mtu aliyesimama na mwiko juu ya moto mpaka mkono ukafa! Mwana wa Malindi wewe.

Shela_Mchanga
Hapo Malindi mmegusa pabaya.

Ustadh_wa_Kando
Kusafiri nayo, itiwe kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana, na iende kwenye mzigo wa chini. Mkononi watakwambia ni majimaji.

MamaPacha
Ile ya lozi au ya kawaida?

BintiMkomani
Jamani. TRAMU.

Langoni_Kwetu
Nusu kilo au kilo nzima?