Kununua nyumba Hispania ukiwa mgeni, utaratibu ukoje?

Mkulima_Mikindani: Wakuu habarini, nipo Mtwara, dada angu anaishi Valencia, nimejikusanya kidogo kwenye korosho tunataka tununue apatimenti kule kwa jina langu. Mtanzania anaruhusiwa? Na nikinunua napata kibali cha kuishi?

BintiLindi: Unaruhusiwa ndugu yangu, ila anza na NIE, ile namba ya mgeni, bila hiyo hufiki popote. Halafu tafadhali sana usitoe hata senti kabla hamjachukua nota simple, karatasi ya taarifa za nyumba, kule Registro de la Propiedad (ofisi ya usajili wa nyumba na ardhi), ndo inaonyesha mwenye nyumba nani na kama imewekwa rehani, maana rehani inabaki kwenye nyumba hata ikishauzwa, na benki ikija itakudai nyumba we mnunuzi.

Mzee wa Newala: Kibali sahau mwanangu, ile ya kuwekeza kwenye nyumba euro 500,000 wameifuta Aprili 2025. Na hapo kwenye arras, yaani malipo ya awali ya kushikia nyumba, kuwa makini, kwa kawaida unatoa kama asilimia 10, ukighairi imeenda, akighairi muuzaji anakurudishia mara mbili, ila mkataba uandikwe hivyo. Escritura, yaani hati ya mauziano, inasainiwa kwa notari, lakini notari si wakili wako, tafuta wako asiyetoka kwa dalali.

Mkulima_Mikindani: Shikamoo mzee, nashukuru. Kodi je?

BintiLindi: Nyumba iliyotumika unalipa ITP, kodi ya kuhamisha umiliki, kila jimbo na asilimia yake, mpya unalipa VAT asilimia 10. Dada akaulize hapohapo Valencia.